Vitabu Viwili vya Nyumba ya Ghalibu

Zuwena fundi cherehani anasema aliona kwa macho yake. Anasema Mzee Ghalibu, yule mfanyabiashara wa asali na nta, aliingia duka la vitabu siku tatu mfululizo saa saba mchana, wakati Mwalimu Ambrosi, mwenye duka, amekwenda kwake kula na kujinyoosha, na mlango ukarudishwa nusu. Anasema siku ya tatu mzee alitoka anajifuta machozi kwa leso, akasimama kizingitini, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barazani kwake, "Basi binti, nimekubali." Kufika saa kumi mtaa mzima wa Gongoni ulishajua kwamba Mzee Ghalibu, aliyefiwa na mkewe miaka minne sasa, ameposa msichana wa dukani, Yustina wa Lusu, na kwamba msichana ndiye aliyekuwa analeta masharti. Ukimuuliza Zuwena masharti gani, atakwambia friji.

Huyo Yustina ni mimi. Saa saba ni kweli, mlango ni kweli, leso ni kweli, na maneno ni yale yale. Friji ndiyo siijui.

Jumatatu ya wiki ile lilikuja boksi la vitabu vipya kutoka Dar es Salaam. Mwalimu Ambrosi hauzi vitabu vya hadithi. Anasema vya hadithi watu wanaazimana. Yeye anauza vya sayansi, vya dini, vya sheria na vya afya. Kazi yangu ni kufungua boksi, kusoma kila kitabu mwanzo, mwisho na popote katikati, kisha kuandika kikaratasi cha mistari mitatu kinachomweleza mteja ndani mna nini. Nasoma polepole, kidole kikitembea chini ya mstari. Nimeishia darasa la saba. Mwalimu aliponichukua kazini alisema ndiyo sababu ananitaka, maana aliyesoma sana anaruka kurasa.

Kazi yangu ya pili ni khaki. Mtu wa hapa akinunua kitabu cha dini, anakibeba mkononi jalada likitazama nje. Akinunua cha sheria au cha afya, anataka kifunikwe. Nani apite mbele ya cherehani ya Zuwena ameshika kitabu cha talaka, au cha kisukari? Kwa hiyo nakivalisha karatasi ya khaki, nakunja pembe vizuri, na juu yake naandika kwa penseli nyumba kinakokwenda, basi. Siandiki ndani ni kitabu gani. Vinakaa chini ya kaunta vikisubiri wenyewe.

Jumatatu ile vilikuwapo viwili vya "Kwa Ghalibu".

Cha kwanza kiliagizwa na Muadh, mtoto wa kiume pekee wa mzee. Miaka miwili nyuma Muadh aliingia dukani kutafuta kitabu cha nyuki, akakuta kikaratasi changu: *Kitabu hiki kinasema nyuki hucheza ili kuwaonyesha wenzake maua yalipo. Sikuamini mpaka ukurasa wa arobaini.* Akacheka peke yake, akauliza nani kaandika. Nilikuwa juu ya ngazi napanga vitabu. Alinitazama kama mtu aliyerudia mstari kwa sababu ameupenda, na mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye rafu ambayo haikuwa na kitu. Tangu hapo amenunua vitabu ambavyo najua havimhusu, hata kimoja cha matetemeko ya ardhi. Kila akilipa, vidole vyake vinachelewa kidogo kwenye kiganja changu.

Hiki cha sasa alikiagiza kwa kunong'ona.

"Kinaeleza watu wa dini mbili wanafungaje ndoa bomani?"

"Kinaeleza."

"Basi kifunike, Yusta. Kifunike vizuri."

Nilijua maana yake, na moyo wangu ulikwenda mbio mpaka nikakunja pembe moja vibaya. Lakini hakuwa amemwambia baba yake; alitaka tufunge kwanza, kisha ndipo amwambie, nami nilinyamaza. Mzee alikuwa na mwaka mzima anamtajia binti wa jamaa zao wa Nzega mjini. Na mama yangu Imakulata, kule Lusu, alijua tu kwamba kuna mtu, akaniambia kwa simu kuwa huyo mtu asije akanibadilisha jina nililobatizwa.

Cha pili kiliagizwa na Mzee Ghalibu mwenyewe, kupitia kwa Mwalimu. Kilikuwa cha magonjwa ya macho.

Sasa, Jumatatu jioni nilikwenda posta. Muadh akapita mbio, anawahi treni ya Bukene kukagua nta. Mwalimu Ambrosi akainama chini ya kaunta, akaona "Kwa Ghalibu", akampa kile mkono wake ulichokigusa kwanza. Muadh akakitumbukiza kwenye begi bila kukifungua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na kosa ni la khaki yangu.

Jumanne saa saba Mzee Ghalibu akaingia, kanzu nyeupe, mkono mmoja ukigusa ukuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Mwalimu amekwenda kula?"

"Amekwenda."

"Bora." Akarudisha mlango nusu yeye mwenyewe. "Jua linaniumiza. Nipe kitabu changu, halafu unisomee. Nimeambiwa wewe huruki."

Nikamvutia kigoda. Alipokaa nikaona jicho lake la kushoto lina ukungu katikati, kama tone la maziwa kwenye chai kabla hujakoroga.

"Nyumbani si yupo binti yako Ruaa, mzee? Yuko kidato cha pili, anasoma vizuri kuliko mimi."

"Ruaa akinisomea hiki, kabla ya alasiri dada yangu Khole ameshapiga simu kutoka Muscat analia. Watoto hawajui. Wanaona natembea taratibu, wanadhani nimekuwa mpole." Akatabasamu kidogo. "Na wewe usiwaambie. Nina ahadi yako?"

"Unayo."

Nikafungua khaki, nikaweka kidole, nikasoma: "Sehemu ya kwanza. Maana ya ndoa." Kidole kikasimama.

"Endelea."

"Samahani mzee. Hiki si cha macho. Ni cha sheria ya ndoa."

"Juu umeandika nini?"

Ningeweza kumwambia jina lingine. Asingeliona.

"Kwa Ghalibu," nikasema.

"Nyumbani kwa Ghalibu tuko watatu. Mimi sijaagiza. Ruaa ana miaka kumi na mitano." Vidole vyake vikasugua goti. "Aliyekiagiza aliuliza nini?"

"Aliuliza watu wa dini mbili wanafungaje ndoa bomani."

"Soma hapo."

"Mzee, pengine ingekuwa vizuri mwenyewe—"

"Binti. Msomee Ghalibu kitabu cha Ghalibu."

Nikasoma. Kwamba wanaotaka kuoana wanapeleka taarifa kwa msajili siku zisizopungua ishirini na moja kabla. Kwamba msajili anaibandika mahali pa wazi, watu waione, na mwenye pingamizi apeleke pingamizi lake.

"Inabandikwa ubaoni?"

"Ndiyo."

"Kwa herufi kubwa?"

"Sidhani mzee. Karatasi ya kawaida tu."

Akacheka, lakini cheko halikufika mbali. "Kwa hiyo mimi ningekwenda bomani kwa shida zangu, jina la mwanangu liko usawa wa pua yangu, nikapita nisilione." Akavua kofia, akaivaa tena. "Huyo msichana unamjua?"

"Namjua."

"Mkristo?"

"Mkatoliki. Wa Lusu."

"Lusu napajua, baba yangu alikuwa akinunua nta huko. Amesoma?"

"Darasa la saba."

"Mzuri?"

"Hilo aulizwe Muadh."

"Anaitwa nani?"

"Yustina."

"Na wewe, binti, miaka yote hii sijakuuliza. Wewe unaitwa nani?"

Nilisikia gari la maji likipita nje, nikasubiri lipite.

"Yustina," nikasema.

Mzee alisogeza kigoda, akainama mpaka nikasikia harufu ya udi kwenye kanzu yake, akageuza kichwa pembeni ili anitazame kwa upande wa jicho la kulia, ambako bado palikuwa na nuru. Alinitazama muda mrefu. Sikuinamisha uso.

"Sikuoni vizuri," akasema hatimaye. "Niambie kitu kimoja. Wajukuu wangu watasali wapi?"

"Sijui mzee. Kitabu hakijasema, na mimi nikikujibu leo nitakuwa najipendekeza tu."

"Mh." Akainuka. "Dini yangu haimkatazi Muadh kuoa Mkristo. Binti wa Nzega naye sijamtolea ahadi mtu. Kinachoniuma ni ubao, Yustina. Mwanangu kuniachia ubao." Akapapasa mlango. "Kesho saa saba nakuja. Nitafutie cha macho."

Rafuni palikuwa na nakala nyingine. Jumatano na Alhamisi nikamsomea. Nikasoma kwamba mtoto wa jicho si ngozi inayoota juu, ni lenzi ya ndani iliyopoteza uangavu wake. Kwamba daktari anaitoa na kuweka ya bandia. Kwamba wengi hurudi kwao siku hiyo hiyo. Alinirudisha nyuma mara nne pale panapoeleza kisu kidogo. Kaka yake mkubwa alichokolewa jicho na mganga, akamalizia maisha yake akiongozwa na fimbo. Alhamisi nilipofunga kitabu, mzee alifuta kwa leso jicho la kushoto, lililokuwa linatoka maji, akasimama kizingitini, akasema, "Basi binti, nimekubali." Alikuwa amekubali upasuaji. Jumatano inayofuata, hospitali.

Jumamosi, saa sita na nusu, Mwalimu amewahi kwenda kula, Muadh akaingia. Vumbi la Bukene bado liko kwenye viatu, begi begani. Siku tano sikuwa nimemwona na uso wangu ulitaka kucheka wenyewe, ila yeye wa kwake ulikuwa umekunjwa.

"Shikamoo," akaniambia.

"Muadh, una nini?"

"Nafanya mazoezi. Zuwena amenisimamisha pale, amenipa pole. Anasema nianze kukuamkia mapema nizoee, maana baba akishakuoa nitakuita mama."

Nilijaribu. Nilibana midomo, nikashika kaunta, lakini kicheko kilitoka mpaka nikakaa chini.

"Usicheke, Yusta. Baba amekuja hapa siku tatu?"

"Amekuja."

"Mlango umerudishwa?"

"Umerudishwa. Jua linamuumiza."

"Kufanya nini?"

"Siwezi kukwambia. Nimeahidi."

Hapo akanitazama, na nikaona kwamba chini ya hasira palikuwa na kitu kingine, hofu. Akafungua begi, akatoa kitabu cha khaki, akakiweka mbele yangu kwa taratibu.

"Nilikifungua kwenye treni, wakati wa kurudi. Nilitaka nijue siku ngapi, karatasi zipi, ili leo nikwambie. Nikakuta macho. Picha za macho mpaka mwisho. Nikasema Yusta amekosea. Halafu nikaanza kumkumbuka baba. Mwezi wa Ramadhani alimimina uji nje ya kikombe. Alimpita mjomba msikitini bila salamu, tukasema ana kiburi cha uzee." Akakisogeza kitabu kwangu. "Ni chake?"

Sikujibu. Kutojibu kwangu akakuelewa.

"Anapofuka?"

"Ahadi ni ahadi, Muadh. Muulize mwenyewe. Lakini usilie kabla hujauliza."

Alivuta kigoda kile kile alichokalia baba yake. Akakaa, mikono imening'inia katikati ya magoti. Nilitamani kumshika kichwa. Nilisogeza tu kikombe cha maji karibu yake.

"Na changu?" akauliza baada ya muda. "Cha sheria. Kiko wapi?"

"Baba yako alikipata. Nilimsomea."

Akainuka. "Ulimsomea baba?"

"Ukurasa wa bomani. Aliutaka huo."

"Yusta. Sisi tulikubaliana tusubiri. Tufunge kwanza, kisha nimwambie taratibu, akiwa hana la kufanya."

"Wewe ulikubali. Mimi nilinyamaza."

"Kunyamaza si kukubali?"

"Kwako wewe. Mimi nilikuwa nafikiri." Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyokuwa imetulia. "Aliniuliza binti ni nani, nikamtajia jina langu. Nikidanganya mtu anayeniamini, nitakuwa nani mimi? Muadh, nakupenda. Nakupenda tangu nilipokuwa juu ya ile ngazi. Lakini bomani kwa siri siendi."

Nje cherehani ilikuwa imenyamaza kabisa. Muadh alitazama mlangoni, akapunguza sauti.

"Akikataa je?"

"Akikataa, tutakuwa tumekataliwa na mtu, si na ubao."

"Ubao gani?"

"Huo atakueleza yeye," nikasema, kwa sababu mkono wa mzee ulikuwa umeshashika fremu ya mlango.

"Shikamoo baba," Muadh akasema haraka.

"Marahaba. Umerudi. Nta ya Bukene ikoje?"

"Safi. Baba, macho yako yana nini?"

Mzee aligeuza uso upande wangu.

"Sijamwambia," nikasema. "Kitabu chako ndicho kilichopanda treni."

Akabaki amesimama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na safari hii cheko lilifika mbali, likatoka hadi barazani. "Kwa hiyo wewe ulisafiri na siri yangu, mimi nikabaki na yako. Na mhudumu wetu ni huyu huyu mmoja." Akapapasa, Muadh akamshika kiwiko, akamkalisha kwenye kigoda. Hakumwachia kiwiko hata alipokwisha kukaa. "Mtoto wa jicho, mwanangu. Jumatano wananitoa. Yustina amenisomea mpaka kisu nakijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Muadh alipiga goti sakafuni mbele ya baba yake, kijana mrefu vile, suruali na vumbi lake. "Niliogopa utasema hapana."

"Na mimi niliogopa utaniona mzee." Akampapasa kichwani, akafika kwenye sikio, akalivuta kidogo kama anavyovutwa mtoto. "Ungeniachia karatasi ukutani, Muadh. Mimi, baba yako."

"Nisamehe, baba. Jumatano nitakaa na wewe mimi."

"Utakaa. Na huyu naye aje. Daktari akisema neno gumu, wewe utaruka, yeye hataruka."

Nilicheka, wao wakacheka. Kwa muda kidogo duka lile dogo lilikuwa mahali pazuri kuliko nyumba zote nilizowahi kuingia. Harufu ya karatasi mpya, udi, vumbi la reli. Muadh alinyanyua macho akanitazama juu ya bega la baba yake, na kila kitu ambacho hajawahi kukisema vizuri kilikuwa pale. Ningeweza kuridhika na hapo. Mtu mwingine angenyamaza, akashukuru, akaacha siku ipite na utamu wake.

Lakini mzee alikuwa bado hajasema ndiyo. Alikuwa amesema nije hospitali tu. Na najua nyumba zinavyokuwa: Jumatano ingepita, jicho lingepona, simu ya Muscat ingelia, binti wa Nzega angetajwa tena wakati wa chai, na mimi ningeendelea kuwa yule msichana anayesoma vizuri. Nikatoka nyuma ya kaunta. Nikakaa chini kwenye boksi tupu, ili uso wangu uwe sawa na wake, upande wa jicho lenye nuru.

"Mzee, nina ombi."

"Sema."

"Ukishapona, uende Lusu. Wewe mwenyewe, si mshenga. Mama yangu anaitwa Imakulata. Ana maneno makali na anapika ugali mgumu. Ukakae naye, umuulize lile swali la wajukuu watasali wapi, naye akuulize lake la jina langu. Mkigombana, mgombane. Sisi tutakaa nje tusubiri. Mkikubaliana, hapo nitakwenda na Muadh popote, hata bomani, na wewe ndiye utakayeisoma hiyo karatasi ubaoni. Lakini naomba uende ukaniombe."

Msichana hasemi maneno kama hayo kwa baba wa mwanamume. Nilijua, na nilikuwa nimeshayasema.

Mzee Ghalibu alikuwa na mkono bado kichwani kwa mwanawe. Aliugeuza uso wake taratibu mpaka nikaingia kwenye ile pembe ndogo ya jicho lake inayoona. Akanitazama hapo. Mwadhini alianza adhana ya adhuhuri, ikaita mpaka ikamalizika, na mzee hakuinuka kwenda msikitini.

Nami sikurudia ombi langu. Nilikaa juu ya boksi, mikono mapajani, nikimngoja.